Bustani ya Jeevanjee: Tuzungumze Mwaka 1991

Ya malkia nitayamaliza haraka, maana najua ndiyo yaliyowaleta wengi wenu. Victoria wa Uingereza alikufa mwaka 1901 bila kukanyaga Afrika. Mwaka 1906 mwanawe, Duke wa Connaught, akaja Nairobi kuizindua sanamu ya mama yake katika Bustani ya Jeevanjee. Mwaka 2015 sanamu ikavunjwa kichwa. Basi. Kila nikialikwa naulizwa kichwa kilikwenda wapi. Ya 1991 hayaulizwi.

Kwa hiyo leo mtayasikia, hata mliokwisha kuyasikia. Alibhai Mulla Jeevanjee aliitoa ile ardhi iwe mahali pa watu wa mji kupumzika. Ekari 5 katikati ya Nairobi! Mwaka 1991 wakubwa wa jiji wakazitazama, wakaona maegesho ya magari na maduka ya ghorofa. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasema haiwezekani. Na hakusemea sebuleni. Alitoka hadharani, akawahamasisha watu, tena wakati ule wa chama kimoja ambapo wengi wetu tulikuwa tukiongea kwa kunong'ona. Wangari Maathai, ambaye mwaka 1989 alilipinga jumba la ghorofa 60 pale Uhuru Park, bustani nyingine ya Nairobi, akasimama naye. Mpango ukafa. Hakuna sanamu iliyoilinda bustani ile. Ni watu, na wanawake wawili wabishi mbele yao.

Namwona bwana pale nyuma anatikisa kichwa. Utaniambia Jeevanjee alitajirikia kwenye reli ya wakoloni, na huyo malkia aliletwa na yeye mwenyewe. Kweli kabisa! Alileta vibarua kutoka India, akauza vifaa, akapata pesa. Halafu akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria, Mwasia wa kwanza, akawasumbua Waingereza hao hao kwa ubaguzi wao. Sikuja kumwombea utakatifu. Mimi namtazama karani anayelala kwenye nyasi zile saa saba mchana, mhubiri anayempigia kelele, na wale wa Bunge la Mwananchi, raia wa kawaida tu, wanaobishana siasa mpaka sauti zikauke. Hapo hudaiwi hata shilingi. Jaribu kukaa hivyo mkahawani bila kuagiza chai.

Nilikuwa na mengi kuhusu sanamu ya Jeevanjee mwenyewe, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Ipo, nendeni mkaione.

Na mnaotaka malkia atengenezwe, changeni pesa zenu. Za jiji zianze na vyoo.