Kidagaa Hai, Mnyoo wa Plastiki na Unyoya wa Jogoo: Navua Besi Texas, Nawaza Kigoma

Wazee wangu wa Ujiji, Katonga na Kibirizi, shikamooni. Vijana wenzangu mnaotazama kutoka Mwanga, Gungu na kokote mlipo katika mkoa wetu wa Kigoma, nawasalimu kwa upendo. Nimetoka nyumbani saa kumi alfajiri, nikiwa na fito mbili za kuvulia, ndoo ya vidagaa hai na kisanduku cha vyambo bandia, na sasa nimesimama ukingoni mwa bwawa liitwalo Lake Fork, mashariki mwa jiji la Dallas, katika jimbo la Texas. Hayo mnayoyaona yakichomoza majini nyuma yangu si nguzo, ni miti iliyokufa. Ukuta wa bwawa hili ulipokamilika mwaka 1980, miti mingi iliachwa imesimama kwa makusudi, maji yakaifunika taratibu, nayo ikawa maficho ya samaki ninayemfuata leo.

Samaki huyo ndiye yule niliyewaonyesha mwezi uliopita, ambaye mimi humwita besi mdomo-mkubwa. Ana rangi ya kijani iliyofifia, mstari mweusi uliokatikakatika ubavuni, na taya linalopita nyuma ya jicho lake. Tangu video ile nimepokea maswali mengi, lakini mawili yamejirudia kuliko yote. La kwanza ni kama anavuliwa vizuri zaidi kwa chambo kilicho hai au kwa chambo bandia. La pili, lililotoka kwa vijana kadhaa wenye mabwawa ya samaki kule nyumbani, ni kama ninaweza kutafuta namna ya kuwaletea vifaranga vyake. Nitajibu yote mawili, na la pili nitalijibu bila kuzunguka, kwa sababu linahusu ziwa letu la Tanganyika.

Nianze na chambo hai, kwa kuwa ndicho nilichoanza nacho. Ndani ya ndoo hii mna vidagaa wa hapa Texas, wenye urefu wa kidole changu cha kati, na pampu ndogo ya betri inayopuliza hewa ili wasife. Ukitaka kidagaa akae mahali pamoja chini ya kiboya, unamtunga nyuma ya pezi la mgongoni, juu kabisa, bila kugusa uti wa mgongo. Akitungwa hivyo huogelea akihangaika, na mahangaiko hayo ndiyo yanayomwita besi. Ukitaka kumrusha na kumvuta polepole, mtunge midomoni, kutoka chini kwenda juu, ili aende uso mbele kama samaki wa kawaida. Wengine hutumia nyungunyungu wanene, na wengine kamba wa maji baridi wenye makoleo, ambao besi huwapenda mno. Kazi ya mvuvi hapo ni kuchagua mahali na kusubiri, kwa sababu harufu, mtikisiko na uhai vyote vimo tayari katika chambo chenyewe, na kwa sababu hiyo mtoto wa miaka saba anaweza kumvua samaki mkubwa siku yake ya kwanza ziwani.

Nilivua namna hiyo kwa miaka miwili, na kilichonifanya nibadilike ni samaki mmoja. Ilikuwa jioni ya mwezi wa tano, kiboya kikazama, nami nikachelewa kuvuta kwa kuwa nilikuwa nikiandaa ufito wa pili. Nilipomfikisha mkononi, mshipi ulikuwa unaingia kinywani na kupotelea kooni. Ndoano ilikuwa imeshuka hadi karibu na tumbo. Nilipompima, urefu wake ulikuwa sentimita 50. Kwa sheria ya bwawa hili, besi aliye kati ya inchi 16 na 24, yaani kati ya sentimita 41 na 61 hivi, ni lazima arudishwe majini, kwa sababu hao ndio wanaotarajiwa kukua na kuwa wale wakubwa ambao wavuvi husafiri kutoka mbali kuwatafuta. Nikaingiza koleo, nikaing'oa ndoano, damu ikatoka kwenye matamvua. Nikamrudisha, akalala ubavu, akapepesuka mara mbili tatu, kisha akaelea. Samaki yule hakunifaa mimi, wala hakulifaa bwawa. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba ndoano ikizama kooni, nafasi ya samaki kuishi huwa kubwa zaidi ukikata mshipi karibu na mdomo na kuiacha ndoano kuliko ukiing'oa. Nawaomba mlikumbuke hilo hata mkiwa Katonga na ndoano ya kuvulia samaki wadogo, siku mnapotaka kumrudisha aliye mchanga.

Tatizo hilo limo katika asili ya chambo hai. Besi huwinda kwa kujibanza kando ya gogo, kisha anafungua mdomo ghafla kiasi kwamba maji hufyonzwa pamoja na windo. Akihisi nyama ya kweli, hana sababu ya kuitema, kwa hiyo huimeza. Akihisi plastiki au mbao, huitema katika muda mfupi sana, na kwa sababu hiyo ndoano ya chambo bandia mara nyingi hunasa mdomoni tu, mahali ambapo ni rahisi kuitoa. Wanaoendelea na chambo hai wanashauriwa kutumia ndoano ya mviringo, ambayo ncha yake imekunjwa kuelekea shina. Hiyo haishiki kooni kwa urahisi, bali huteleza mpaka kwenye pembe ya mdomo.

Sasa sogeeni karibu na kamera niwaonyeshe kitu ninachokipenda. Huu ni mnyoo wa plastiki laini, rangi ya zambarau iliyokolea, mrefu kama kiganja changu. Mtu aitwaye Nick Creme wa Akron, Ohio, ndiye aliyeanza kutengeneza minyoo ya namna hii mwaka 1949, na mtindo wa kuifunga ninaoutumia unaitwa kwa jina la jimbo hili la Texas. Kwanza unapitisha mshipi katika uzito huu mdogo wa risasi wenye umbo la kichwa cha mshale, kisha unafunga ndoano. Ncha ya ndoano unaiingiza katikati ya kichwa cha mnyoo kwa kiasi cha ukucha, unaitokeza ubavuni, unaivuta ndoano mpaka kichwa cha mnyoo kifike kwenye fundo, unaigeuza, halafu unapima mahali ambapo ncha itaingia tena mwilini bila kuupinda mnyoo. Ukiupinda utazunguka kama pia, mshipi utajisokota, na hakuna samaki atakayeusogelea. Ncha ikishajificha ndani ya plastiki, unaweza kuupitisha mnyoo huu katikati ya magogo na majani bila kunasa.

Nautupa pale, kando ya mti ule wenye tawi lililovunjika, nauacha uzame. Sivuti kwa rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, bali nainua ncha ya ufito taratibu, nashusha, nakusanya mshipi uliolegea, nasubiri. Mnyoo wenyewe umekufa, hauna harufu wala damu. Uhai wote unaoonekana pale chini unatoka mkononi mwangu. Maji yakiwa ya baridi kama leo, nyuzi 16, samaki ni mzito na mkono lazima uwe mzito pia; yakipata joto mwezi wa sita, nitatumia chura wa mpira anayerukaruka juu ya majani, au samaki wa mbao mwenye ulimi wa plastiki unaomfanya apige mbizi. Maji yakichafuka baada ya mvua nitachagua chambo chenye bamba la bati linalozunguka, kwa kuwa besi husikia mtikisiko kwa mstari wa viungo vya hisia ulio ubavuni mwake hata asipoona vizuri. Nataka vijana waelewe hapo: anayevua kwa chambo bandia analazimika kumjua samaki, anakula nini, amejificha wapi, maji yana joto gani na macho yake yanaona mpaka wapi. Chambo hai kinaweza kukuletea samaki hata kama hujui lolote kati ya hayo.

Simaanishi kwamba kimoja kinashinda kingine kwa ukubwa wa samaki. Mwaka 1932 George Perry alivua besi wa kilo 10 na gramu 90 hivi huko Georgia, naye alitumia chambo bandia chenye umbo la samaki mdogo. Rekodi hiyo ya dunia ilidumu peke yake miaka 77, mpaka mwaka 2009 Manabu Kurita alipovua mwingine katika ziwa Biwa, nchini Japani, kwa kutumia samaki mdogo hai. Alimzidi wa kwanza kwa gramu chache tu, na kwa kuwa sheria za rekodi zinadai tofauti kubwa zaidi, wote wawili wakahesabiwa kuwa sawa. Hata katika bwawa hili, besi mkubwa kuliko wote waliowahi kuandikishwa Texas alivuliwa mwezi Januari 1992 na Barry St. Clair, aliyekuwa akitafuta samaki wa aina nyingine kabisa kwa kidagaa hai.

Ipo habari ya mvuvi mmoja wa Finland, Lauri Rapala, ambayo kila nikiisoma hunirudisha Kibirizi. Alikuwa mvuvi wa riziki kama wazee wetu, naye aligundua, kwa kutazama tu, kwamba samaki wakubwa walipopita katika kundi la wadogo walimshambulia yule aliyekuwa akiyumba. Mwaka 1936 akachonga kwa kisu samaki wa gamba la mti, akamfunika kwa karatasi ya bati ya chokoleti, akamrekebisha mpaka akaogelea kwa kuyumba vilevile.

Nilipokuwa na miaka 11, mjomba wangu alinichukua usiku wa giza, mwezi haupo, tukaenda mbali na pwani ya Kibirizi mpaka taa za mji zikawa kama vipunje. Wenzake walikuwa na nyavu za dagaa na karabai zilizokuwa zikivuma. Mjomba alikuwa na mshipi wa mkono wenye ndoano nyingi, na juu ya kila ndoano alikuwa amefunga kwa uzi mwekundu unyoya mmoja mweupe wa jogoo. Hapakuwa na nyama hata chembe. Aliushusha mpaka chini ya duara la mwanga, mahali ambapo dagaa wanaishia na migebuka wanaanza, akawa anaupandisha na kuushusha kwa mdundo ambao niliuona lakini sikuuelewa. Alipoupandisha mshipi ulikuwa na migebuka minne, wanang'aa kama vijiko. Nilimwuliza kwa nini samaki wanakula manyoya, akanijibu kwamba hawali manyoya, wanakula ule mtikisiko. Nimekuja kujifunza hapa Texas, kwa vifaa vya gharama, jambo ambalo mjomba alinieleza kwa sentensi moja ndani ya mtumbwi.

Kwa hiyo swali la pili nalijibu hivi: hapana, sitaleta vifaranga vya besi, na nawasihi msimwombe mtu mwingine yeyote awaletee. Samaki huyu alipelekwa ziwa Naivasha, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1920, na baadaye, yapata mwaka 1970, akaletwa huko kamba mwekundu mwenye asili ya Louisiana, na ziwa lile halikurudi tena kama lilivyokuwa. Sote tunaijua habari ya sangara walioingizwa ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na samaki wadogo wangapi walitoweka baada yao. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sato na kuhe, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Bwawa la nyuma ya nyumba likifurika mwezi wa nne, maji yake yanafuata mto, na mto unafika ziwani. Kwa sababu hiyohiyo hapa sitaimwaga ndoo hii majini nikimaliza. Vidagaa waliobaki nitaondoka nao, kwa kuwa vidagaa wa maji mengine wanaweza kuingiza ugonjwa au mgeni katika maji haya.

Mimi nalikataa wazo hilo bila huzuni, kwa kuwa tunaye kuhe, samaki mkubwa wa Ziwa Tanganyika. Anafikia urefu wa sentimita 80, anakaa karibu na miamba na mchanga, anawinda samaki wadogo kwa kasi, na anashambulia chambo bandia kwa hasira ambayo besi wengi hawana. Tena anafanana na besi katika jambo moja ambalo mvuvi mwenye adabu analiheshimu. Dume la besi hulinda kiota chake, na mwezi huu wa tatu ukitembea kandokando ya maji haya utamwona amesimama juu ya duara jeupe alilolifagia kwa mkia. Ukimwondoa, samaki wadogo humaliza mayai kwa dakika chache. Kuhe nao, baba na mama, hulinda watoto wao. Mkiwaona wawili wamesimama juu ya wingu la vifaranga, wapiteni.

Nitakuja mwezi wa kumi na mbili, nikijaliwa, na nitapita kwanza ofisi ya uvuvi kukata leseni. Nitakuja na minyoo hii ya plastiki, michache, na kila uliokatika nitarudi nao, kwa sababu hauozi na samaki akiumeza humkaa tumboni. Nitakuja pia na samaki wawili wa mbao niliowachonga mwenyewe, na ningependa fundi yeyote wa mitumbwi pale Kibirizi awatazame na kuniambia ni mti gani wa kwetu unaofaa. Na wewe mjomba, najua unatazama kwa simu ya mdogo wangu: naomba uniwekee manyoya meupe ya jogoo, yale ya shingoni, pamoja na uzi mwekundu, na mara hii unishike mkono wakati wa kupandisha na kushusha, mpaka niuweze ule mdundo.