Usisaini Kabla Hela Haijaingia: Fomu za Kuachia Lieni Kwenye Malipo ya Awamu

SALIM: Karibuni tena jamani. Leo tuko kwenye ujenzi wa Marekani, na tunaongelea karatasi ambayo mafundi na makontrakta wadogo kule wanaletewa karibu kila mwezi. Umemaliza kazi ya mwezi, umepeleka invoisi, kontrakta mkuu anakwambia cheki yako iko tayari ila kwanza nisainie hapa, na wewe una vijana wanasubiri mshahara Ijumaa kwa hiyo unasaini tu hata kusoma husomi. Dada Neema, pale mtu anakuwa amesaini nini?

NEEMA: Amesaini fomu ya kuachia lieni, kwenye saiti wanaiita weiva. Lakini kaka Salim, ngoja kwanza tuiweke sawa lieni yenyewe, manake bila hiyo mtu hawezi kuona anachokiachia. Ukifanya kazi kwenye jengo la mtu, au ukaleta vifaa vikatumika pale, halafu usilipwe, sheria za majimbo zinakuruhusu kuliandikisha lile deni kwenye rekodi za ardhi za kaunti, na deni linakaa juu ya jengo na kiwanja chake. Mwenye jengo akitaka kuuza au kukopa, lile deni linamkalia shingoni, na mambo yakifika mbali mahakama inaweza kuamuru jengo liuzwe ulipwe. Sheria ya kwanza ya namna hiyo kule ilipitishwa Maryland mwaka 1791, Thomas Jefferson na James Madison ndo waliisukuma, walikuwa wanataka mji mkuu mpya wa Washington ujengwe haraka na walijua mafundi hawaji kama hawana uhakika wa kulipwa.

SALIM: Na nguvu yake ni kwamba inakulinda hata kama yule mwenye jengo hujawahi kuongea naye, mkataba wako ni na kontrakta mkuu tu.

NEEMA: Hapo hapo. Kwa hiyo muelewe na woga wa mwenye jengo pia. Yeye amemlipa kontrakta mkuu hela yote ya mwezi, kontrakta mkuu hakumlipa fundi umeme, fundi umeme anaweka lieni, mwenye jengo anajikuta analipa kazi ileile mara ya pili. Ndo maana anataka weiva kwa kila malipo, na benki iliyomkopesha nayo haiachii awamu inayofuata mpaka izione. Mimi siwalaumu kabisa kwa kudai, ni haki yao. Ninachogombana nacho ni aina ya weiva wanayomletea fundi na saa wanayomletea.

SALIM: Aina ziko nne si ndiyo?

NEEMA: Nne, ila shika mbili kwanza, yenye sharti na isiyo na sharti. Halafu kila moja ina ya malipo ya awamu na ya malipo ya mwisho. Yenye sharti inasema naachia haki yangu ya kiasi hiki, lakini tu kama hii hela imenifikia kweli. Isiyo na sharti inasema nimeshalipwa, basi. Ukisaini hiyo ya pili leo na cheki ikadunda wiki ijayo, umeachia haki yako bure.

SALIM: Hata kama huna senti mkononi?

NEEMA: Hata kama. California wameandika kabisa juu ya fomu yao isiyo na sharti, onyo kwamba karatasi hii itatumika dhidi yako ukiisaini hata kama hujalipwa, na kama hujalipwa tumia fomu yenye sharti. Serikali yenyewe inakuonya! Fomu zao za sasa zinatumika tangu Julai 2012, ziko kwenye sheria ya madai, kifungu cha 8132 ni ya awamu yenye sharti na 8134 ni ya awamu isiyo na sharti. Ile yenye sharti unaandika nani katoa cheki, kiasi gani, inalipwa kwa nani, na inaanza kufanya kazi pale tu benki ya yule aliyetoa cheki imekulipa. Yaani kuishika cheki mkononi bado siyo malipo.

SALIM: Sasa mtu atasema, dada, nikikataa kusaini isiyo na sharti sipewi cheki kabisa, nifanyeje.

NEEMA: Mpelekee yenye sharti iliyojazwa vizuri. Yeye inamtosha, akishalipa inamlinda vilevile. Na Texas sheria ipo upande wako wazi kabisa, hairuhusiwi mtu akulazimishe kusaini isiyo na sharti kabla hujapokea hicho kiasi, na hela yenyewe iwe nzima siyo cheki ya mashaka. Zamani Texas ilibidi pia ugongewe muhuri wa notari, yule ofisa anayeshuhudia saini, sasa kwa mikataba mikuu iliyoingiwa kuanzia Januari 2022 hiyo imeondolewa, na hapo ndo nasema uwe makini zaidi, manake kile kituo cha kwenda kwa notari kilikuwa kinampa mtu muda wa kusoma, siku hizi inakuja kwenye simu unabonyeza.

SALIM: Kitu kingine ambacho watu wanakiruka ni tarehe.

NEEMA: Tarehe! Kaka hapa naomba watu wanisikilize vizuri kuliko kote. Weiva ya awamu ina sehemu ya kuandika kazi mpaka tarehe fulani. Siyo tarehe ya kusaini, ni mwisho wa kazi ambayo haya malipo yanaifunika. Tuseme invoisi yako ni ya kazi ya mpaka tarehe 31 Machi, cheki inakuja tarehe 25 Aprili, na mtu wa ofisini anajaza tarehe 25 Aprili kwa sababu ndo siku ya leo. Kwa kusaini hapo unaweza kuwa umeachia lieni ya kazi ya Aprili karibu mwezi mzima ambayo hata invoisi hujapeleka. Mtu hajakuibia, ni kalenda tu imejazwa ovyo, na wewe ndo unabeba.

SALIM: Na zile hela zinazobaki je, ritensheni na kazi za ziada?

NEEMA: Chukua invoisi ya dola 40,000. Wanakata ritensheni asilimia 10, unalipwa 36,000, zile 4,000 wanazishikilia mpaka mwisho. Pembeni kuna kazi ya ziada ya dola 6,000 walikwambia fanya tutaandika baadaye. Fomu ya California yenyewe inasema haigusi ritensheni wala kazi za ziada ambazo hujalipwa. Lakini kwenye jimbo lisilo na fomu ya sheria, kontrakta mkuu anaweza kukuletea karatasi ya wakili wake inayosema unaachia madai yote ya kila namna mpaka leo, na hapo zile 10,000 unaziweka hatarini kwa saini moja. Andika kwa mkono kabla ya kusaini, ukiacha ritensheni kiasi hiki na kazi ya ziada namba hii.

SALIM: Nilitaka tuguse Georgia, manake ile kesi iliniuma.

NEEMA: Iliuma watu wengi. Georgia, ukisaini weiva ya awamu halafu ukakaa kimya, sheria inachukulia kwamba umelipwa baada ya siku kadhaa, zamani 60, isipokuwa uwe umeandikisha kiapo cha kutolipwa. Mwaka 2019 mahakama ya rufani ikasema kwa kampuni iliyosahau kile kiapo kwamba siyo lieni tu imekufa, hata deni lenyewe. Bunge la jimbo likabadilisha sheria, kuanzia Januari 2021 ni siku 90, na weiva inagusa lieni na dhamana ya malipo, yaani ahadi ya kampuni ya dhamana kukulipa kontrakta mkuu asipolipa, siyo haki yako ya kudai kwa mkataba. Lakini zile siku 90 zinahesabika bado, zikipita bila kiapo lieni huna.

SALIM: Na yule anayetusikiliza ambaye ameshasaini isiyo na sharti na hela haijaja?

NEEMA: Asikate tamaa ila asikae. Sehemu nyingi alichopoteza ni kulishika jengo, deni la mkataba bado lipo na anaweza kumshitaki aliyempa kazi. Kama ni California asome ile fomu, haki za mkataba zimeachwa nje. Atume barua ya madai leo, aende kwa wakili wa jimbo lake, na invoisi ya mwezi huu aipeleke na weiva yenye sharti, ile isiyo na sharti ya malipo hayo aitoe siku benki imemwonyesha hela iko ndani.