Miaka mitatu kusomea kucheza na watoto? Ngoja niwaambie

Habari zenu huko nyumbani, na nyie mnaogandia huku pamoja nami. Leo sijapaka chochote usoni, nimetoka zamu sasa hivi. Hili doa begani ni ndizi. Ya mtoto, si yangu.

Kuna kaka aliniandikia chini ya video iliyopita: "Dada, miaka mitatu unasomea kucheza na watoto?" Nikacheka, nikakasirika, halafu nikakumbuka kwamba kabla sijatoka Tanga hata mimi ningeuliza hivyohivyo.

Ndiyo, kaka yangu, mitatu. Nilikuja Ujerumani kama au pair, yaani kukaa na familia na kuwaangalizia watoto, nikahangaika na Kijerumani mpaka ngazi ya B2, nikapata mkataba wa kusoma huku nafanya kazi hapahapa mji wa Jena. Siku nyingine niko chuoni, siku nyingine niko Kita, ndiyo chekechea yao. Mshahara unazidi euro elfu moja kwa mwezi kabla ya makato, kwa hiyo msianze kuniomba ada za watoto. Nikifaulu mitihani mwezi wa saba, serikali inanitambua kama Erzieherin, yaani mwalimu mlezi wa watoto. Hapo ukiniita yaya tutagombana.

Cheti tukiache kwanza, niwape kisa cha begi.

Huko nyumbani niliwahi kufundisha chekechea moja, jina lake libaki moyoni. Watoto 64, walimu wawili. Siku hiyo akaletwa kijana wa miaka minne, begi jipya la njano mgongoni, kaling'ang'ania geti. Mama yake daladala inamwacha. Nikambandua kidole kimoja kimoja, mama akaondoka mbio bila kugeuka, maana sisi wenyewe tulimkataza kugeuka. Mwache alie, atazoea, ndivyo tulivyofundishana. Siku ya tatu akanyamaza kweli, nikajiona mwalimu hodari. Ila begi hakulivua. Anakunywa uji nalo, analala nalo, mpaka tukafunga muhula. Na mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Sasa nafika huku, siku ya kwanza namkuta baba mzima amekalia kiti cha mtoto, magoti yanakaribia kidevu, anasoma gazeti. Nikajua huyu mkaguzi. Kumbe ni mzazi, anamzoesha mwanawe! Neno lao ni refu, Eingewöhnung, na mimi ulimi wangu bado unateleza hapo katikati. Utaratibu tunaoufuata unaitwa wa Berlin. Siku tatu za mwanzo mzazi anakuja na mtoto, wanakaa kama saa moja, wanarudi wote nyumbani. Hakuna kuachana. Siku ya nne mzazi anaaga, anatoka chumbani, nusu saa haipiti. Mtoto akilia akabembelezeka, sawa. Asipobembelezeka, mzazi anarudi baada ya dakika chache na mnajipa siku zaidi. Na ile siku ya nne ikiangukia Jumatatu, hamjaribu, mnangoja Jumanne, kwa sababu mtoto ametoka kushinda na wazazi wake siku mbili nzima. Niliposikia hiyo ya Jumatatu nilikaa kimya darasani. Nilikuwa namwona yule kijana na begi lake.

Sisemi huku ni peponi, jamani. Sheria inampa kila mtoto haki ya nafasi akishatimiza mwaka mmoja, tangu Agosti 2013, lakini wenzangu wakiugua nabaki peke yangu na kundi zima, na hapo utaratibu wote unakimbilia dirishani. Halafu hiyo kutoka nje mvua ikinyesha, kuvalisha suruali za matope watoto kumi na wawili! Nikimaliza wa mwisho, wa kwanza anataka chooni.

Mwezi uliopita nilipanda treni hadi Bad Blankenburg. Huko ndiko mwalimu wa Kijerumani, Friedrich Fröbel, alianza na watoto wadogo mwaka 1837, na mwaka 1840 akalipa jambo lake jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Mji mdogo, kimya. Nikatazama vitu alivyowabunia watoto wachezee, ile mipira ya sufu na vibao, nikawaza: hivi si tunavifuma na kuvichonga kwetu?

Hapo ndipo ndoto yangu ilipokaa. Nikimaliza, nifanye kazi miaka mitatu hivi, niweke akiba, nirudi Tanga nifungue kituo cha kulelea watoto mchana karibu na soko la samaki la Deep Sea. Watoto 30, basi. Nikisajili kwa ustawi wa jamii kama Sheria ya Mtoto inavyotaka. Picha za ukutani zinaweza kusubiri. Cha kwanza nitakachonunua ni benchi, liwe mlangoni kwa ndani, mama akae hapo siku tatu.

Nilimwambia mama yangu kwenye simu. Akasikiliza weee, akaniuliza, "Na hizo siku tatu, samaki wake nani atamuuzia?"

Nikakosa jibu. Huku mzazi anaomba likizo kazini. Dada wa samaki asipofika alfajiri, siku hiyo hawali. Nikamwambia mama, basi aje bibi, au shangazi, yeyote ambaye mtoto amemzoea, utaratibu unaruhusu. Nikamsikia anawaza. Halafu akasema, "Kama ni bibi, benchi lako liwe na egemeo."

Nimeshaliandika kwenye daftari. Kama kuna fundi seremala Tanga ananitazama, nitumie bei ya benchi la mbao, la watu sita, lenye egemeo.