Liwali, Nahodha, Kibarua: Majina ya Wakubwa na Wadogo Mjini Mombasa

Assalamu alaykum. Wazee wangu, mama zangu, walimu na wanafunzi, ahsanteni kwa kuja.

Nina neno moja la kuwaeleza. Jina la mkubwa hutuonyesha mamlaka yake yametoka wapi. Jina la mdogo hutuonyesha mkubwa anamwona nani. Anayetaka kujua mji ulivyotawaliwa na ayasome yote mawili pamoja.

Tuanze na liwali. Asili yake ni Kiarabu, al-wali, na maana yake ni mtu aliyewekwa atawale kwa niaba ya mwingine. Wamazrui, ukoo wa Kiarabu, walikuja Mombasa wakiwa maliwali wa Oman. Katikati ya karne ya 18 wakakataa kuwa chini ya mtu, wakajitawala, hadi Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alipowaondoa mwaka 1837. Lakini hata katika enzi yao hawakutawala peke yao. Walikuwako matamim, wakuu wa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa: mmoja wa Thelatha Taifa, yale matatu, mwingine wa Tisa Taifa, yale tisa. Tamim mamlaka yake yalitoka kwa watu wake, na liwali asiyesikilizana naye hakukaa kwa raha. Baadaye, kuanzia 1895, Waingereza walishika utawala wa Pwani huku bendera ya Sultani wa Zanzibar ikiendelea kupepea Ngomeni, kwenye Ngome ya Yesu, na liwali akawa na mabwana wawili, mpaka 1963. Watoto wetu leo wanalijua neno liwali. Tamim hawamjui, na hilo linaniuma, maana ndilo jina la uongozi lililozaliwa na wenye mji wenyewe.

Aliye chini ya liwali ni raia. Hili nalo ni la Kiarabu, la ukoo mmoja na neno la mchungaji: raia ni wanaochungwa. Wengi wenu mnaijua hadithi ya Mtume, kwamba kila mmoja wenu ni mchungaji na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Watawala walipenda sana nusu ya kwanza. Ile ya kuulizwa waliipita haraka.

Baharini mambo ni mengine. Nahodha ni neno la Kiajemi, bwana wa chombo, na chini yake yuko serahangi, msimamizi wa mabaharia, kisha mabaharia wenyewe. Baharia ni mtu wa bahari, basi. Jina lake linataja ujuzi wake, halitaji unyonge, na nadhani ndiyo sababu wazee wa Bandari ya Kale hulitamka kwa fahari hadi leo.

Sasa ulinganishe na kibarua. Ni barua ndogo. Zamani mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha kazi aliyoifanya, na kile kikaratasi kikageuka kuwa jina la mtu. Fikirini: mtu mwenye mke, watoto na kabila anaitwa kwa karatasi yake! Bandari ya Kilindini ilijengwa kwa migongo ya vibarua na makuli, yaani wapagazi wa mizigo. Januari 1947, wafanyakazi wa bandari, wa reli na wengineo walipogoma mji mzima, walikusanyika katika uwanja walioupa jina wenyewe: Kiwanja cha Maskini. Kwangu mimi hilo ni tukio kubwa katika historia ya lugha yetu. Waliopewa majina na wengine walijipa lao, tena wakalichagua neno zito lisilojipamba, na wenye mamlaka wakalazimika kusikia.

Mengine nitayapita upesi. Nyapara alikuwa mkuu katika misafara ya bara, leo ni msimamizi wa vibarua. Na kwenye malori yetu ya barabara ya Nairobi, mzee mwenye mvi, msaidizi wa dereva, bado anaitwa taniboi. Ile "boi" ya mwisho ni ile ile aliyoitwa mpishi wa mzungu. Utingo lipo. Tulitumie.

Kisha kuna mheshimiwa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 73, inasema kiongozi amepewa wajibu wa kuwatumikia watu, si uwezo wa kuwatawala. Mamlaka yake ni dhamana. Kwa maana hiyo gavana, mbunge na diwani wa wadi ni watumishi, na aliye mbele yao si raia wa kuchungwa, ni mwananchi. Lakini tazameni barazani: tunasimama kwa mheshimiwa, na mzee wa mtaa, aliyeamua kesi ya ukuta usiku wa manane, hana hata kiti.

Nafasi ni yenu sasa. Ningependa waanze waliofanya kazi gatini watuambie wao waliitanaje.