Mita 1500 za Wanawake: Dhahabu Haisomwi Kwenye Saa

Walimu wa michezo, makocha wenzangu, na ninyi wasichana mliokaa safu za nyuma, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie mbio za masafa ya kati za wanawake, na nimeamua kuziweka rekodi kando. Rekodi mnazijua. Hakuna mtoto wa hapa Keringet, Kenya, asiyejua kwamba Faith Kipyegon wetu alikimbia mita 1500 kwa dakika 3:48.68 kule Eugene mwaka 2025. Leo nataka tukae na mbio ambazo muda wake hautajwi na mtu: fainali ya ubingwa wa dunia, London, tarehe 7 Agosti 2017. Kipyegon alishinda kwa 4:02.59. Ukiutazama muda huo peke yake utauona wa kawaida. Kwangu mimi zile ni miongoni mwa mbio bora kabisa zilizowahi kukimbiwa na wanawake.

Hebu kwanza tuwaangalie waliosimama kwenye mstari siku ile. Genzebe Dibaba wa Ethiopia, bingwa mtetezi na mwenye rekodi ya dunia ya wakati huo, 3:50.07. Jenny Simpson wa Marekani, bingwa wa dunia wa mwaka 2011. Sifan Hassan wa Uholanzi. Laura Muir wa Uingereza, mbele ya umati wa nyumbani. Caster Semenya wa Afrika Kusini, malkia wa mita 800, ambaye safari hii aliamua kukimbia zote mbili. Na Kipyegon wetu, bingwa wa Olimpiki.

Muir alitoka mbele mapema, uwanja mzima ukimshangilia. Hassan alikaa nyuma, kisha katika sehemu ya pili ya mbio akapanda kwa nguvu mpaka mbele. Hapo ndipo ninapowaomba mtulie mtazame kwa makini. Hassan alipoondoka, Kipyegon hakushtuka wala hakujaribu kumpita papo hapo. Alimfuata, akakaa begani mwake, akamwachia kazi ya kuvuta. Zikabaki mita 200, Hassan bado yuko mbele. Wakaimaliza kona ya mwisho, wakaingia kwenye mnyoofu wa mwisho. Kipyegon akampita kwa nje. Miguu ya Hassan ikawa mizito ghafla, na Simpson, ambaye muda wote alikuwa ametulia karibu na ukingo, akaona upenyo upande wa ndani, akajipenyeza. Nje kabisa Semenya alikuwa anakuja kwa kasi kutoka nyuma, akajirusha mbele kwenye mstari akimpokonya Muir shaba.

Sasa hesabu. Kipyegon 4:02.59, Simpson 4:02.76, Semenya 4:02.90, Muir 4:02.97, Hassan 4:03.34. Kutoka dhahabu hadi nafasi ya nne ni sekunde 0.38. Hassan, aliyekuwa anaongoza zikiwa zimebaki mita 200, aliikosa medali ya mbio hizo. Na Dibaba, mwenye rekodi ya dunia, alimaliza wa 12, wa mwisho.

Kocha mmoja atasema: basi tuwafanye wawe na kasi zaidi. Sikatai. Lakini nataka nionyeshe kasi inapotelea wapi. Mita 1500 zina kona 7. Mkimbiaji anayekaa mita moja nje ya mwenzake, kila kona anakimbia takriban mita 3.1 zaidi, kwa sababu nusu duara yake ni kubwa kuliko ya yule wa ndani. Zidisha mara 7: mita 22. Kwa mwendo wa fainali ile, mita 22 ni kama sekunde tatu na nusu. Watano wa kwanza London walitofautiana kwa sekunde 0.75 tu! Msichana wako anaweza kuwa na mapafu bora kuliko wote, na akaipoteza medali kwa kuzunguka nje kwa nje mizunguko miwili bila sababu. Upande wa pili, ukikumbatia ukingo wa ndani muda wote unaweza kubanwa, wenzako wakaondoka ukiwa umezibwa mbele na pembeni. Kwa hiyo mahali pa kukaa panachaguliwa upya kila baada ya mita chache, na anayechagua ni mkimbiaji mwenyewe. Kocha yuko jukwaani, sauti yake haifiki.

Ndiyo maana nasema mbio za ubingwa ni mchezo tofauti na mikutano ya kulipwa, yaani mashindano ambayo wanariadha hulipwa kukimbia. Kwenye mikutano kuna mweka kasi anayelipwa kuvuta mizunguko ya mwanzo, na siku hizi kuna taa zinazotembea pembeni mwa uwanja kuonyesha mwendo wa rekodi. Kwenye ubingwa hakuna mweka kasi wala taa. Nani atangulie? Kila mmoja anamtegea mwenzake.

Mwaka mmoja kabla ya London, kwenye fainali ya Olimpiki kule Rio, walitegeana kwelikweli. Mzunguko wa kwanza ulichukua zaidi ya sekunde 76. Wapo walimu wa shule za msingi ambao wangewafokea wanafunzi wao kwa mwendo huo. Kisha zikiwa zimebaki kama mita 700 Dibaba akafyatuka, na mita 800 za mwisho Kipyegon alizikimbia kwa chini ya dakika 2. Yeye peke yake ndiye aliyeweza kushikamana na Dibaba mpaka akampita na kushinda kwa 4:08.92. Huo ni muda wa karibu sekunde 19 nyuma ya rekodi ya Dibaba mwenyewe. Baadhi ya watu waliuita ushindi wa mbio za polepole. Inaniuma kusikia hivyo, kwa sababu kukimbia karibu nusu ya kwanza taratibu, umebanwa katikati ya viwiko, halafu kubadilisha mwendo ghafla namna ile, ni kazi ngumu kuliko kufuata mweka kasi.

Tukumbuke pia kwamba wanawake walicheleweshewa uwanja huu. Mwaka 1928 kule Amsterdam walikimbia mita 800 kwa mara ya kwanza kwenye Olimpiki. Wote tisa wa fainali walimaliza, lakini magazeti yakaandika kwamba walizimia ovyo, na mbio hizo zikaondolewa hadi Rome mwaka 1960. Mita 1500 walizipata Munich mwaka 1972. Wanaume walikuwa wakizikimbia tangu 1896.

Nirudi kwetu. Mazoezi mengi ninayoyaona huku mashinani ni ya saa. Mita 400 mara kumi, kocha anasoma muda, msichana anapumzika, anarudia. Wanakimbia wamepangana mstari mmoja kwa heshima, hakuna anayemgusa mwenzake. Siku ya mashindano anakutana na viwiko, mtu anamkanyaga kisigino, mwendo unabadilika mara tatu kwenye mzunguko mmoja, naye hajawahi kufundishwa afanye nini. Wekeni wasichana wanane kwenye njia mbili za ndani. Pulizeni filimbi bila kuwaambia lini, na yeyote aliye nyuma aende mbele. Mfundisheni anayeongoza kupunguza mwendo kwa makusudi, wengine wajifunze kutulia bila kugongana. Mwambieni mmoja wao kwa siri kwamba ataondoka zikibaki mita 500, muone nani anamfuata na nani anabaki ameduwaa.

Wala msinielewe vibaya mkadhani kukaa nyuma ya mtu ndiyo njia pekee. Hassan alikosa medali ya mita 1500 kule London, na miaka miwili baadaye, Doha 2019, hakumngojea mtu. Alikwenda mbele mapema, akauvuta mwendo mpaka wenye miguu ya kumalizia wakachoka kabla ya kengele ya mzunguko wa mwisho. Alishinda kwa 3:51.95. Kipyegon, aliyekuwa amejifungua mwaka uliotangulia, alipata fedha kwa 3:54.22, muda bora kuliko wowote aliowahi kukimbia hadi siku hiyo. Hassan alijua kwamba akifika mita 100 za mwisho pamoja na Kipyegon atapigwa, kwa hiyo alihakikisha hawafiki pamoja.

Naona mwalimu pale mbele amenyoosha mkono tangu nilipotaja kona 7. Karibu, mwalimu, uliza. Mkanda wa mbio za London uko tayari kwenye kompyuta, na baada ya maswali tutautazama mzunguko wa mwisho polepole, kila msichana akimfuata mkimbiaji mmoja tu kwa macho na kutuambia alikuwa wapi kwenye kila kona.