Insulini na Safari za Desemba

Shikamooni wazee wangu. Wengine wote, habari za asubuhi. Najua wengi mmekuja bila kula mkisubiri kupimwa sukari, kwa hiyo tuongee upesi mkanywe chai.

Hapa mkononi nina vichupa viwili vya insulini, dawa yetu ya sukari ya kujidunga, ile nyeupe ya mchanganyiko ambayo nusu ya benchi hili mnaitumia. Vyote vimekwisha muda, visiwatie tamaa. (Kicheko.) Hiki kimoja kimelala friji upande wa chini, pale tunapoweka mchicha. Hiki cha pili jana usiku nilikipandisha juu kwenye barafu, alfajiri nikakitoa kikayeyuka. Mama wa kilemba cha kijani, nipokee. Usikitikise, kiviringishe katikati ya viganja taratibu, mara kumi. Enhe. Unaona nini? Maziwa, yamelingana juu hadi chini. Sasa shika hiki kingine, viringisha vilevile. Sema kwa sauti wa nyuma wasikie.

“Kuna mapande.”

Mapande, kama maziwa yaliyokatika. Mengine yameng'ang'ania kioo. Hiyo insulini imekufa, hata ukikirudisha kichupa kwenye friji hakifufuki. Na hapa ile nyeupe imekufanyia hisani, imekuonyesha. Ile inayong'aa kama maji inaweza kuganda, ikayeyuka, ikabaki inang'aa vilevile. Ukijidunga, umejidunga maji.

Nimeanza na barafu kwa sababu kila Desemba watu wananiuliza habari za joto tu. Joto ni adui, sikatai. Lakini vichupa vilivyoharibika ninavyoletewa Januari, vingi vimeharibiwa na mapenzi. Mtu anaipenda dawa yake, anaifunga na barafu kama samaki wa Feri.

Hata mimi. Miaka kadhaa nyuma nilimsafirisha mama yangu mzazi kwenda kwetu Nzega. Mfamasia mzima, na koti jeupe langu, nikachukua chupa pana ya chai, nikaijaza vipande vya barafu, nikatumbukiza humo vichupa viwili ndani ya mfuko wa nailoni. Nikajiona nimemaliza. Mama akafika salama. Siku ya kwanza akasema amechoka na safari. Ya pili akawa anakunywa maji tu na kwenda chooni. Ya tatu mashine ikaacha kutoa namba, ikaandika herufi mbili, H na I. Si salamu ile. Maana yake sukari imepita mahali mashine inapoweza kusoma, kwa mashine nyingi ni juu ya 33. Wakamkimbiza hospitali, na kule muuguzi mmoja alifanya hivi mlivyofanya ninyi sasa: akachukua kichupa, akakiviringisha, akakiinua dirishani. Mama macho yake hayaoni vizuri, asingeyaona yale mapande. Mimi nilikuwa Dar, nimepokea simu, sina la kusema.

Barafu ya friji la nyumbani iko nyuzi kumi na kitu chini ya sifuri. Insulini inataka nyuzi 2 hadi 8 kama hujaifungua. Ukiibana na barafu, lazima igande.

Sasa hiki ndicho kinachowashangaza wengi: kichupa ulichokwisha kukifungua hakihitaji friji kabisa. Kikikaa pasipozidi nyuzi 25, au 30 kwa baadhi ya aina, aina nyingi zinakwenda wiki nne. Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi inasema ya kwako ni siku ngapi. Mletee kijana anayejua kusoma maandishi madogo. Bandika plasta kwenye kichupa, andika tarehe uliyokitoboa. Mtu wa kwenda Moshi kula sikukuu siku kumi na kurudi, hana sababu ya kubeba barafu hata kipande.

Anachohitaji ni kivuli. Na kivuli ndani ya basi ni kitu cha kupigania. Ukifika stendi pale Mbezi, utingo atataka kila mfuko uingie kwenye buti. Mpe mchele, mpe kuku, dawa usimpe. Kule chini ni jua la lami na joto la injini, na jioni huwezi kujua mzigo wako umelaliwa na nini. Juu ya vichwa nako bati la paa linachoma. Weka kwenye mkoba, mkoba mapajani, upande usio na jua. Ndani ya mkoba dawa ikae kwenye boksi lake, boksi ndani ya kopo la plastiki, kopo limezungushiwa khanga. Ukiona joto limezidi, pale Korogwe wanauza maji ya chupa. Chukua ya baridi, si yale yaliyoganda kama jiwe, yalaze pembeni ya kopo, khanga iwe katikati.

Na gawa dawa mafungu mawili. Moja kwako, moja kwa mtu mnayesafiri naye. Mkoba ukiibiwa, hamjaibiwa wote.

Basi likisimama watu wakachimbe dawa (kicheko), jamani, dawa nyingine hiyo, msije mkaacha mkoba kwenye kiti kilichopigwa jua.

Kuna jambo linaloniumiza kichwa kuliko joto na barafu: chakula. Kondakta anatangaza, “Dakika kumi na tano tunakula.” Wewe mwaminifu unajidunga palepale kwenye kiti ili upate muda wa kula. Basi linapata pancha kabla ya hoteli. Saa nzima mko porini, sukari inashuka, unatoka jasho, mikono inatetemeka, jirani anadhani umelewa. Njiani usijidunge mpaka sahani iko mbele yako na umeiona kwa macho. Na mfukoni, si kwenye mkoba, mfukoni, kuwe na sukari. Ukianza kutetemeka, vijiko vitatu vya chai vya sukari, au nusu chupa ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Subiri dakika kumi na tano, pima tena. Mwambie jirani wa kiti mapema una nini. Si aibu.

Naona mkono. Ndiyo, bibi.

“Mwanangu, mimi nakwenda Same, nitakaa miezi mitatu. Umeme hakuna.”

Hapo sasa, bibi, kile kichupa cha kutumia si tatizo, tatizo ni vile vya akiba. Chukua mitungi miwili ya udongo, mmoja uingie ndani ya mwingine, katikati jaza mchanga, uloweshe asubuhi na jioni, juu funika kitambaa kibichi. Vichupa vikae mtungi wa ndani, pakavu. Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Same ni pakavu, mtungi utafanya kazi vizuri. Mtu wa Tanga au Unguja asitegemee hivyo. Hewa kule imejaa unyevu, ndiyo maana hata nguo hazikauki.

Na usiogope kupita kiasi. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka walitoa matokeo yao. Walipima joto ndani ya nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kule Dadaab, Kenya, likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaliiga joto lilelile maabara kwa wiki nne. Insulini ikapoteza asilimia 1 tu au pungufu. Lakini ilikuwa ndani ya nyumba, bibi, si kwenye dashibodi ya gari. Na vya akiba usichukue vya miezi mitatu kwa mpigo. Tutakuandikia uchukue hospitali ya wilaya kila mwezi.

Na wewe, baba? Ndege, umra. Dawa ipande na wewe ndani, usiiweke kwenye begi la mizigo, huko chini inaweza kuganda. Barua ya daktari ikae pamoja na dawa, kwa Kiingereza, ionyeshe sindano na insulini. Kama unatumia kalamu ya kujidungia insulini, sindano itoe kila ukimaliza, vinginevyo hewa inaingia. Na Makka si mahali pa kutembea na dawa mfukoni. Juni 2024 joto la kule lilipita nyuzi 50. Iache hotelini, beba ya dozi moja ndani ya kopo na khanga, kama wa Moshi.

Haya, wanapima sasa. Wanaosafiri wiki hii wabaki hapa na vichupa vyao, plasta na kalamu ninazo. Bibi wa Same, anza wewe, tukiviringishe.