Kipindi cha 41: Konda ndiye aliyeua redio

SUDI: Haya, hamjambo nyote. Mimi Sudi.

SALMA: Na mimi shemeji yake. Leo tuliahidi betri za magari ya rimoti. Karatasi hii hapa mkononi, mambo matatu ya betri, na safari hii hatutoki nje ya karatasi.

SUDI: Kabla ya betri...

SALMA: Mmeona?

SUDI: Shem, kabla ya betri niseme kidogo yaliyonikuta Jumapili. Na yenyewe yanahusu betri.

SALMA: Yanahusu konda.

SUDI: Dada yako ameshakwambia?

SALMA: Alinipigia jioni ile ile. Anacheka mpaka maneno hayatoki. Mimi nikadhani analia, nikaanza kutafuta kanga nije.

SUDI: [anacheka] Basi sikilizeni. Ile Hiace yangu ya rimoti mnaijua, ndogo mara kumi kuliko ya kweli, sentimita 47 kutoka taa ya mbele mpaka bampa la nyuma. Bodi ya bati la madebe ya mafuta ya kula, vioo nimekata kwenye chupa za maji, mota nimechomoa kwenye drili ya betri iliyomfia jirani. Mstari wa rangi ubavuni, kibao juu kimeandikwa Rangi Tatu – Kariakoo. Miezi mitano ya kazi.

SALMA: Saba. Dada anahesabu.

SUDI: Saba. Sasa likakamilika. Linakwenda, linakata kona, linarudi nyuma, taa zinawaka. Nikaliweka uani nikalitazama, moyo ukakataa. Kuna kitu kinapungua.

SALMA: Breki.

SUDI: Konda! Daladala gani inakwenda Rangi Tatu mlango umefungwa, hakuna mtu anayening'inia?

SALMA: Hapo ndipo mtu mzima anapopotea.

SUDI: Nikamtengeneza. Mifupa waya wa shaba, kichwa ushanga, shati nimeshona kwa kipande cha kitambaa cha sare, mikono nimeikunja mpaka juu. Na kwenye vidole, shem, kwenye vidole nimempachika noti. Karatasi nyembamba nimezikunja kwa urefu, moja kila katikati ya vidole, kama wanavyozishika wenyewe.

SALMA: Hizo nimeziona kwenye picha, na hapo nakupa haki yako. Noti ni nzuri kuliko gari.

SUDI: Chini ya kiti nikaweka sevo, kimota cha kusogeza mkono, ile ndogo ya gramu tisa. Ukibonyeza kitufe kwenye rimoti, konda anatoka nje mlangoni mpaka kiunoni, mkono unagonga bodi, ta-ta, halafu anarudi ndani.

SALMA: Mara mbili ni "twende".

SUDI: Mara mbili twende, mara moja simama. Nilitaka nimfundishe zote mbili.

SALMA: Na umeme wa huyo mfanyakazi mpya ulitoa wapi?

SUDI: ...Tutafika huko.

SALMA: Tufike sasa hivi. Ulitoa wapi?

SUDI: Kwenye ile bodi nyekundu inayoendesha mota. Si ina tundu la volti tano.

SALMA: Volti tano zile zile zinazolisha Arduino, ubongo wa gari, na redio inayosikia rimoti.

SUDI: Hizo hizo.

SALMA: Endelea, marehemu.

SUDI: Jumapili alasiri nimetoka nalo uchochoroni. Watoto kama kumi na tano, mama wa vitumbua kaacha moto, wazee wa bao wamesimamisha mchezo. Nikasema leo ndiyo leo. Nikakanyaga mafuta mpaka mwisho, gari likatoka mbio, nikabonyeza konda. Akatoka. Ta! Mara moja.

SALMA: Mara moja ni simama.

SUDI: Gari halikusimama. Ule mkono wenye noti umenasa kwenye fremu ya mlango, sevo inakoroma, nami huku naachia mafuta, nakata kushoto, nabonyeza kila kitu, gari halinisikii. Limenyooka tu. Likapita kwenye karai la mama vitumbua, hivi, unene wa kidole. Likaingia chini ya bajaji iliyoegeshwa. Likatokea upande wa pili bila konda.

SALMA: Konda kahamia bajaji! [kicheko kirefu]

SUDI: Kanasa kwenye springi ya bajaji, noti mkononi. Gari likamalizia mtaroni, magurudumu juu, bado yanazunguka. Mzee mmoja wa bao, kwa sauti ya taratibu kabisa, akasema: "Kuna mtu hakurudishiwa chenji."

SALMA: Ngoja, ngoja nifute machozi. Sasa nieleze, maana kuna mtu nyumbani ana gari linamfanyia hivyo na anadhani ni jini. Sevo ikinasa haiachi kuvuta. Inasukuma, na inakula umeme. Hata hiyo ya gramu tisa ikikwama inaweza kuvuta zaidi ya nusu ampea, na kile kidude cha volti tano kwenye bodi nyekundu hakikuumbwa kwa mzigo huo. Volti zinashuka. Na kile kiredio chako, nRF24, kinataka volti 3.3 zilizotulia kabisa. Kikiyumbishwa kinazubaa.

SUDI: Arduino haikuzima lakini. Taa yake ilikuwa inawaka mpaka mtaroni.

SALMA: Ndiyo ubaya wenyewe! Ingezima, gari lingesimama. Ubongo ukabaki hai, sikio likafa. Amri ya mwisho iliyoisikia ni "kanyaga mafuta", nayo ikaendelea kuitii kama askari. Kwenye programu yako hukuandika kwamba ukipita muda, tuseme nusu sekunde, hujasikia kitu kutoka kwenye rimoti, zima mota. Mistari mitatu, shem. Mistari mitatu.

SUDI: Nilikuwa niandike.

SALMA: Ukashona shati.

SUDI: Shati lilikuwa na haraka.

SALMA: Kwa hiyo konda ndiye aliyeua redio.

SUDI: Konda hana kosa, amepewa kazi bila posho!

SALMA: Mpe basi njia yake ya umeme. Kidude chake mwenyewe cha volti tano, hasi ziungane, basi. Na redio uipe kapasita ya maikrofaradi kumi, kitangi kidogo cha umeme, uisolde pale pale kwenye miguu yake, si mbali. Nikola Tesla mwaka 1898 aliendesha boti kwa redio pale Madison Square Garden, New York, watu hawaamini macho yao. Unajua kwa nini hakumgonga mtu?

SUDI: Hakuwa na konda.

SALMA: Hakuwa na konda! Haya, betri. Jambo la kwanza...

SUDI: Bado sijafika kwa dogo.

SALMA: Dogo gani?

SUDI: Aliyelitoa gari mtaroni. Ana miaka kama kumi, wa uchochoro wa pili. Wenzake wanacheka, yeye kashuka, kalipindua, kalipangusa kwa fulana yake. Bampa limeng'oka upande mmoja. Kaingiza mkono mfukoni, katoa kipande cha mpira wa tyubu, kapitisha kwenye tundu la skrubu, kafunga fundo. Shem, lile bampa sasa ukiligonga linarudi. Mimi nilikuwa nimelisolda, kila wiki linang'oka.

SALMA: Huyo mlete kwangu Kariakoo, nina simu mbovu zinamsubiri.

SUDI: Halafu akaenda kwao akaniletea lake. Gari la waya. Lori. Usukani mrefu wa waya unaopanda mpaka kifuani kwake, yeye anatembea nyuma anakata kona. Nikapiga magoti kulitazama. Ekseli ni spoki ya baiskeli. Magurudumu ndala, kayakata mduara kwa kutumia kopo kama kipimo. Kati ya gurudumu na fremu kaweka kisoda kilichopondwa, ili mpira usisuguane na waya. Na pale usukani unapokutana na ekseli ya mbele kakunja waya vitanzi viwili vinaingiliana, kama mnyororo. Usukani ukipanda na kushuka kwenye mashimo, kona haibadiliki.

SALMA: Hilo wewe lilikushinda mwezi wa tatu.

SUDI: Mwezi wa tatu na wa nne. Sasa akaniomba kitu kimoja. "Mjomba, na langu liwekee mota." Nikamwambia Jumamosi njoo.

SALMA: Aa. Hapana.

SUDI: Hapana nini?

SALMA: Usimwekee.

SUDI: Shem, nimeshaahidi.

SALMA: Gari lake lina tatizo gani? Linakwenda?

SUDI: Linakwenda.

SALMA: Linakata kona?

SUDI: Kuliko langu.

SALMA: Basi mbovu ni wewe, siyo gari. Lile gari injini yake ni mtoto mwenyewe. Anakimbia nalo, analisikia kwenye kiganja likipanda kokoto. Ukiweka mota utamkalisha juu ya tofali na rimoti. Na lile la waya jepesi, ukilipakia mota na betri fremu inalala. Utaanza kuimarisha hapa, kubadilisha pale, mwisho wake ni gari lako lenye jina lake.

SUDI: Ameomba mwenyewe! Hukumwona macho yake. Wewe ulishika solda ukiwa na miaka mingapi?

SALMA: Kumi na moja. Baba amekaa pembeni, kila siku.

SUDI: Na mimi nitakaa pembeni.

SALMA: Jumamosi moja. Jumatatu je? Betri utampa ipi, hizo seli ulizotoa kwenye laptop? Ile seli ikijaa ni volti 4.2, ikishuka chini ya tatu unaiua, ukigusanisha waya zake inaunguza. Chaja kwao haipo. Kwa hiyo kila likiisha chaji anakuja kugonga kwako. Leo gari lake halimtegemei mtu. Waya umekatika, anaokota mwingine.

SUDI: Nitampa betri nne za redio, za dukani. Hizo haziunguzi mtu.

SALMA: Zikiisha anakuomba hela ya nyingine.

SUDI: Ngoja, sasa nami niseme. Wewe una kile kisanduku cha Tamiya kabatini, gari la rimoti la dukani la kuunga mwenyewe. Umekinunua kwa kudunduliza, mwaka mzima, kila skrubu kwenye mfuko wake. Lunch Box, siyo?

SALMA: Lunch Box. La mwaka 1987, wamelitoa upya.

SUDI: Ukikanyaga mafuta linanyanyua magurudumu ya mbele, unapiga kelele kama mtoto. Vizuri. Sasa kwa nini wewe uwe na lile, na yeye abaki na waya kwa sababu waya unakupendeza wewe kuutazama?

SALMA: Sikusema hivyo.

SUDI: Umesema. Umemfanya pambo. Anataka kujua mota inafanyaje kazi, na mlango wa kuingilia ndio huo.

SALMA: Basi mpe mota mkononi! Mota na betri, mezani, aifungue, aone brashi zake. Usiguse lori.

SUDI: Ameomba lori.

SALMA: Na konda alitaka kugonga bodi.

SUDI: Usimwingize konda hapa.

SALMA: [kimya] Mimi nakuelewa unachosema. Sikubali tu.

SUDI: Wala mimi sikubali. Ningemjibu nini, kwamba shemeji yangu kasema gari lako zuri, endelea kukimbia?

SALMA: Ndiyo! Hivyo hivyo!

SUDI: Hilo jibu la mtu mwenye Tamiya kabatini.

SALMA: Na wewe unaahidi kama mgombea.

[mlango unagongwa]

SUDI: Naam! ... Dada yako. Anasema chumba kinahitajika, watoto wana shule kesho. Na wali unapoa.

SALMA: Sasa betri?

SUDI: Umesema ya volti 4.2 wakati unanigombeza, hiyo hesabu ni moja.

SALMA: La pili lilikuwa namna ya kuzihifadhi, na la tatu ni chaja, na la tatu ndilo muhimu. Sisemi haraka haraka kitu kinachoweza kuchoma nyumba ya mtu. Wiki ijayo. Mpaka hapo msichaji kitu mmelala.

SUDI: Wiki ijayo betri. Na konda nimeshamtoa kwenye springi, mkono mmoja umepinda, noti zote zipo.

SALMA: Dogo anakuja Jumamosi saa ngapi?

SUDI: Saa nne asubuhi.

SALMA: Nitakuwepo. Nakuja na mota yangu.

SUDI: Ya nini?

SALMA: Ya mezani. Zima hiyo, twende tukale.